Vioo vya Monir

Mafundi wa Iran wana simulizi kwamba vioo vilivyoagizwa Venice enzi za Wasafawi vilikuwa vikifika vimevunjika, na kwa kuwa mali ile ilikuwa ghali mno kutupwa, vigae vyake vikabandikwa ukutani. Ufundi huo ndio uliofunika kuta na dari za Shah Cheragh, kaburi la Ahmad bin Musa mjini Shiraz, mji ambao Washirazi wa pwani yetu bado wanautaja kuwa asili yao. Humo ndani hujioni mzima. Unaona jicho lako hapa, bega pale, na katikati machozi ya mtu usiyemjua aliyekuja kuomba dua.

Monir Shahroudy Farmanfarmaian, aliyezaliwa Qazvin mwaka 1922, alilia humo pia. Alitoka akitaka kutengeneza kitu cha namna ile ambacho mtu angeweza kukitundika nyumbani kwake. Si kwamba alikuwa mgeni wa sanaa: aliishi New York tangu 1945 hadi 1957, akichora matangazo ya duka la Bonwit Teller alikofahamiana na Andy Warhol. Akashirikiana na fundi Hajji Ostad Mohammad Navid, vioo vikakatwa vyembamba na kupachikwa kwenye plasta.

Kila umbo alilipa maana. Pembe nne zilikuwa pande za dunia, tano hisi za mwanadamu, sita fadhila, ikiwemo subira na huruma. Mimi hesabu hiyo hainigusi sana. Anayesimama mbele ya kioo cha Monir haihitaji ili ajihisi amegawanyika na kuchanganyika na wengine.

Mapinduzi ya 1979 yalimkuta New York, na mali yake nyingi Iran ikataifishwa. Akabaki New York, ambako hakuwa na mafundi wa vioo. Mumewe alipofariki mwaka 1991, alitengeneza visanduku vidogo vya huzuni, akapanga ndani picha na vikorokoro vya maisha waliyopoteza. Kwangu hizo ndizo kazi zake za ndani kabisa, ingawa hazing'ai.

Mwaka 2004 alirejea Tehran, akafungua tena karakana. Guggenheim ilimwandalia maonyesho mwaka 2015, na mwishoni mwa 2017, chini ya miaka miwili kabla hajafa, Tehran ikafungua jumba la makumbusho lenye jina lake. Anayeweza kufika aende mwenyewe, kwani wapiga picha hujibanza pembeni wasionekane kiooni, na picha zao hutoka zikiwa hazina mtu.