Mnara wa Taa na Ndege ya Kwanza

Fuateni kwa kidole ninaposoma.

Leo twende Marekani, katika pwani ya North Carolina. Huko kuna visiwa virefu, vyembamba, vyenye upepo mwingi na mchanga mwingi. Shikeni mambo hayo mawili, upepo na mchanga, maana ndiyo somo letu.

Kwanza tufike Rasi ya Hatteras. Baharini, mbele ya rasi hiyo, kuna mafungu ya mchanga yaliyojificha chini ya maji. Meli nyingi zilisukumwa na upepo, zikapanda mafungu, zikavunjika, na mabaharia wakafa maji. Kwa hiyo mwaka 1870 ulikamilishwa mnara wa taa wa matofali, wenye urefu wa futi 198 hivi. Una mistari myeusi na myeupe inayouzunguka. Mchana nahodha huutambua kwa mistari. Usiku huutambua kwa taa.

Lakini bahari hula nchi. Mnara ulipojengwa ulikuwa futi 1,500 kutoka majini. Kufika mwaka 1970 zilibaki kama 120 tu. Je, uachwe uanguke? La. Mwaka 1999 mafundi waliuinua mnara mzima, wenye uzito wa tani zaidi ya 4,800, wakausukuma polepole juu ya reli za chuma zilizopakwa sabuni. Kwa siku 23 ulikwenda futi 2,900, nao ungali umesimama.

Sasa tupande gari kwenda kaskazini, safari ya zaidi ya saa moja, mpaka Kill Devil Hills. Hapa walikuja ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli. Upepo ule ule uliovunja meli, wao waliutaka, kwa kuwa huinua mabawa. Mchanga nao waliutaka, kwa kuwa ni laini kwa mtu anayeanguka.

Tarehe 17 Desemba 1903 Orville alilala kifudifudi juu ya bawa la chini. Injini ikanguruma, ndege ikainuka. Ilikaa hewani sekunde 12, ikaenda futi 120. Siku hiyo waliruka mara nne. Mara ya mwisho Wilbur alikaa hewani sekunde 59, akaenda futi 852.

Ni nani waliowasaidia? Ni watu wa kituo cha kuokoa mabaharia. Mmoja wao, John Daniels, ndiye aliyepiga picha ya ndege ikiinuka.

Leo mgeni huona hapo jiwe kubwa, mahali ndege ilipoondokea, na mawe manne yanayoonyesha ilipotua kila mara. Kutoka jiwe kubwa hadi la kwanza ni kama hatua 50 tu.

Maneno mapya
Rasi: ncha ya nchi iingiayo baharini.
Fungu: mchanga uliorundikana baharini.

Maswali
1. Kwa nini mnara ulihamishwa?
2. Upepo ulidhuru nani? Ulisaidia nani?
3. Tokeni nje, mpime hatua 50. Kisha andikeni sentensi mbili juu ya safari ya kwanza ya Orville.