Mikwaruzo ya picha hula faida ya mashine za MRI

WAWEKEZAJI wanaochanga mitaji kufungua vituo vya uchunguzi wa magonjwa huvutiwa na tarakimu moja katika hati ya mauzo ya mashine ya MRI: nguvu ya sumaku yake, inayopimwa kwa tesla. Tarakimu hiyo ina uzito wake, lakini mapato ya kituo hutegemea pia kiasi cha mikwaruzo inayoingia kwenye picha.

Mikwaruzo hiyo ni tofauti na ule mgongo wa kelele anaousikia mgonjwa akiwa ndani ya mashine. Inafanana na ya redio isiyokamata stesheni vizuri. Mashine husikiliza mawimbi hafifu ya redio yanayotoka kwenye maji na mafuta ya mwilini. Mawimbi hayo yakizidiwa na mikwaruzo, picha hutoka na chenga, na daktari huagiza irudiwe.

MUDA NI FEDHA

Dawa ya kawaida ni kurudia kipimo mara nyingi na kuchukua wastani. Hapo ndipo hesabu inapouma. Ili ubora wa mawimbi dhidi ya mikwaruzo uongezeke mara 2, muda lazima uongezeke mara 4. Kipimo cha dakika 5 huwa cha dakika 20.

Tuchukue mfano wa kituo kinachofanya kazi saa 10 kwa siku. Kila mgonjwa akitumia dakika 30, watahudumiwa wagonjwa 20. Wakitumia dakika 45 kila mmoja, watahudumiwa 13 tu. Marejesho ya benki, umeme na mishahara hubaki vile vile.

Ndiyo sababu sumaku kubwa huuzwa ghali. Kutoka tesla 1.5 hadi 3, mawimbi huongezeka karibu mara 2. Hata hivyo, picha za wagonjwa wenye vyuma mwilini huharibika zaidi kwenye sumaku hiyo kubwa.

CHANZO CHAKE

Sehemu ya mikwaruzo hutoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, na hiyo haikwepeki. Nyingine hutoka kwenye koili, yaani antena inayowekwa karibu na kiungo kinachopigwa picha. Koili iliyochoka hushusha ubora hata kama sumaku ni nzima.

Iliyobaki hutoka nje. Mashine ya tesla 1.5 husikiliza kwenye megahezi 64 hivi, na ya tesla 3 kwenye 128. Redio za FM zipo katikati, 88 hadi 108. Kwa hiyo chumba huzungushiwa ngao ya chuma, mara nyingi shaba, pande zote. Mlango usiofunga sawasawa au taa mbovu ndani ya chumba huweza kuchora mistari kwenye picha.

SUMAKU NDOGO

Mwaka 2020 Siemens Healthineers ya Ujerumani ilitangaza mashine ya tesla 0.55 inayotumia heliamu isiyofika lita 1, wakati sumaku nyingi za zamani huhitaji zaidi ya lita 1,000. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha mashine ya Hyperfine ya tesla 0.064, inayosukumwa kwa magurudumu hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Kampuni hiyo iliingia soko la hisa la Nasdaq Desemba 2021.

Sumaku hizo hutoa mawimbi machache, hivyo hutegemea sana programu za kompyuta za kusafisha picha. Programu hupunguza chenga, lakini haiwezi kurudisha kwa uhakika kitu ambacho mashine haikukinasa.

KABLA YA KUSAINI

Mnunuzi, hasa wa mashine iliyotumika, aombe kumbukumbu za vipimo vya ubora vinavyofanywa kwa chombo maalumu chenye kimiminika. Akague kila koili, ngao ya chumba na mlango wake. Aulize pia kipimo cha kichwa au uti wa mgongo huchukua dakika ngapi kwa picha ambayo daktari ataikubali.

Muuzaji asiyeweza kuonyesha kumbukumbu hizo apunguziwe bei, au aachwe na mashine yake.