Nyota ya Mbali na Sayari Yake Kubwa

Katika kundi la nyota ambalo wanafalaki wa Kiarabu waliliita Farasi Mkubwa imo nyota hafifu inayofanana sana na jua letu. Jina lake ni 51 Pegasi, na nuru yake hutufikia baada ya kusafiri miaka ipatayo 50.

Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, waliichungua kwa darubini iliyoko Haute-Provence, Ufaransa. Sayari yenyewe hawakuiona. Walichokiona ni kwamba nyota ile yayumba: mara yatusogelea, mara yatuepuka, na hali hiyo hurudi kila baada ya siku 4 na kitu. Wakatambua kwamba kipo kitu kizito kiizungukacho na kuivuta.

Uzito wa sayari hiyo haupungui kiasi cha nusu ya Mshtarii. Lakini Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka 12 hivi, na wataalamu walidhani kwamba sayari kubwa hazikai karibu na moto wa nyota. Basi wengi walitia shaka. Wenzao wa California wakaipima nyota ile ile, wakakuta vivyo hivyo. Mwaka 2019 Mayor na Queloz walipewa Tuzo ya Nobel.

Twapenda vijana wetu walizingatie jambo hili. Habari ile ngeni haikupokewa kwa ushabiki, wala haikutupwa kwa kuwa yapingana na mazoea, ilipimwa. Nasi tutazamapo mbingu usiku, tusidhani kwamba jua letu ndilo kipimo cha majua yote.