Mtambo Katika Ofisi ya Serikali: Funzo la Australia na Swali la Lugha Nchini Kongo

Utangulizi

Kwa muda mrefu ofisi ya serikali ilitambulikana kwa vitu vitatu: karani, faili na muhuri. Raia alifika, akaeleza haja yake, karani akafungua faili, mkubwa wa ofisi akatia muhuri. Katika nchi nyingi leo faili limehamia ndani ya kompyuta, na mahali pengine karani naye ameondolewa. Programu ndiyo inayosoma habari za raia, kuzilinganisha, kukata shauri na kumwandikia barua. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: maana ya mabadiliko hayo, yaliyotokea Australia pale ambapo hesabu ya mtambo ilichukua nafasi ya uamuzi wa mtu, na yale yanayopasa kufikiriwa nchini Kongo, hasa kwa upande wa lugha na majina.

1. Juu ya istilahi

Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya neno moja la kutaja programu zinazofanya kazi za akili. Wengine husema akili bandia, wengine akili unde, na katika vyombo vya habari vya Tanzania limeenea neno akili mnemba. Tofauti hizi si za sauti tu. Bandia ni kitu kilichotengenezwa kwa kuiga cha kweli, kama ilivyo katika fedha bandia. Neno hilo linamtahadharisha msikilizaji. Unde limetokana na kitenzi kuunda. Linakumbusha kwamba akili hiyo ina waundaji, na kwa hiyo wapo watu wanaoweza kuulizwa juu ya matendo yake.

Yafaa pia kutenganisha aina mbili za programu. Ya kwanza hufuata kanuni zilizoandikwa na watu: ikiwa mapato yamepita kiasi fulani, punguza msaada. Ya pili haikuandikiwa kanuni zote. Hupewa mifano mingi ya zamani na kujitafutia humo dalili za kutabiri mambo mapya. Mara nyingi watu huiogopa aina ya pili na kuiamini ya kwanza. Habari za Australia zaonyesha kwamba hata hesabu ya kugawanya, inayofundishwa shule ya msingi, yaweza kuleta maafa ikikabidhiwa madaraka yasiyo yake.

2. Hesabu ya Australia

Nchini Australia, watu wasio na kazi, wanafunzi na wagonjwa hupata msaada wa fedha kupitia ofisi iitwayo Centrelink. Msaada huo huhesabiwa kwa kila kipindi cha wiki mbili, na mwenye kuupokea hutakiwa kueleza mapato yake ya kipindi hicho hicho. Ofisi ya kodi nayo huwa na hesabu ya mapato ya kila mtu, lakini ya mwaka mzima.

Kompyuta zilikuwa zikilinganisha hesabu hizo mbili tangu zamani. Zilipotofautiana, afisa alichunguza: alimwita mhusika, na alipoona lazima alimwandikia mwajiri ili apate hati za mishahara. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole; uchunguzi wa namna hiyo ulifikia kama 20.000 kwa mwaka. Utaratibu mpya ulijaribiwa mwaka 2015 na kuenezwa mwaka 2016. Afisa aliondolewa katika sehemu kubwa ya kazi, na barua zikafikia hata 20.000 kwa wiki moja. Wananchi wakauita Robodebt, yaani deni la roboti.

Kosa lenyewe laweza kuelezwa kwa mfano. Tuseme kijana mmoja alifanya kazi nusu ya mwaka, vipindi 13 vya wiki mbili, akalipwa dola 2.000 kila kipindi. Jumla ni dola 26.000. Kisha kazi ikaisha, na katika vipindi 13 vilivyobaki akapokea msaada huku akieleza kwa haki kwamba hana mapato. Mtambo ulichukua dola 26.000 za ofisi ya kodi ukazigawa kwa vipindi 26 vya mwaka. Jibu ni dola 1.000 kwa kila kipindi. Kwa hesabu hiyo, kijana huyo alionekana kuwa alipata dola 1.000 kila wiki mbili wakati alipokuwa akisema hana kitu. Basi alikuwa mwongo na mwenye deni. Kumbe hakuna hata kipindi kimoja katika mwaka ambacho alipata dola 1.000. Wastani ni namba ya kweli kuhusu mwaka mzima, lakini ni namba ya uongo kuhusu wiki fulani.

Yule asiyekubali deni alitakiwa kuleta hati za mishahara za miaka iliyopita, wakati mwingine miaka mitano au zaidi. Wengine waajiri wao walikuwa wamefunga biashara. Wengine barua zilitumwa kwenye anwani walizokwisha kuhama. Asiyejibu, au asiyekuwa na hati, alihesabiwa kwa wastani. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: zamani serikali ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kwamba raia ana deni; sasa raia ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba hana.

Maonyo hayakukosekana. Mwishoni mwa mwaka 2014 wanasheria wa wizara iliyohusika walishauri kwamba kukadiria mapato kwa njia hiyo hakupatani na sheria. Mwaka 2017 Profesa Terry Carney, akiwa mjumbe wa baraza la rufani za kiutawala, aliamua kwamba wastani peke yake hauwezi kuthibitisha deni. Serikali haikukata rufani, na kwa kuwa maamuzi ya ngazi ile hayakutangazwa, maelfu ya watu wengine hawakujua kwamba kuna mwenzao aliyeshinda. Mtambo ukaendelea.

Mwezi wa Novemba 2019 serikali ilikubali mbele ya mahakama ya shirikisho kwamba deni lililotokana na wastani halikuwa halali. Mwezi wa Mei 2020 ilitangaza kurudisha dola milioni 721 zilizotozwa katika madeni 470.000. Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka 2022 chini ya Catherine Holmes, aliyekuwa jaji mkuu wa jimbo la Queensland, ikatoa ripoti yake tarehe 7 Julai 2023 yenye mapendekezo 57. Miongoni mwa waliotoa ushahidi mbele yake walikuwamo akina mama ambao watoto wao walijiua baada ya kudaiwa. Fedha zaweza kurudishwa, mengine hayarudishwi.

3. Programu inayojifunza: mfano wa Uholanzi

Nchini Uholanzi ofisi ya kodi ilitumia programu ya aina ya pili, iliyopima hatari ya udanganyifu katika maombi ya msaada wa kulea watoto. Miongoni mwa dalili ilizozitumia ilikuwamo kutokuwa na uraia wa Kiholanzi. Afisa aliyepokea faili lenye alama kubwa ya hatari hakuelezwa sababu ya alama hiyo. Basi hakuweza kumweleza mzazi naye. Makumi ya maelfu ya wazazi walidaiwa fedha nyingi bila haki, wengi wao wakiwa na asili ya nchi za kigeni. Baada ya ripoti ya bunge ya Desemba 2020, serikali nzima ya Mark Rutte ilijiuzulu tarehe 15 Januari 2021. Mtambo uliojifunza kwa maamuzi ya zamani hujifunza pia chuki na mazoea yaliyokuwamo ndani yake.

4. Kwa upande wa Kongo

Si kweli kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali tu. Forodha ya Kongo hutumia programu iitwayo SYDONIA, iliyotungwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Programu hiyo hupanga mizigo kwa rangi: kijani hupita, manjano hukaguliwa karatasi, nyekundu hufunguliwa na kutazamwa, buluu hukaguliwa baadaye. Kuanzia mwaka 2011 malipo ya mishahara ya watumishi wa serikali yalianza kupitishwa benki kwa orodha za kompyuta. Mwaka 2018 wapiga kura walichagua kwa mashine. Na tarehe 13 Machi 2023 ilitolewa sheria kubwa juu ya mambo ya dijitali.

Mfano wa rangi za forodha ni wa kutazamwa vema, kwa maana unaonyesha matumizi yenye mpaka. Mtambo unasema mzigo upi ufunguliwe. Hausemi kwamba mwenye mzigo ni mwizi. Neno hilo hubaki kwa afisa aliyeuona mzigo kwa macho yake. Australia ilivuka mpaka huo: dalili ya kuchunguza iligeuzwa kuwa hukumu.

Orodha za mishahara zaleta shida ya namna nyingine, nayo yahusu moja kwa moja wanafunzi wa lugha. Jina la Mkongo huandikwa mara kwa desturi ya Kibantu, mara kwa sikio la Kifaransa: Mwamba na Muamba, Kasongo na Kassongo. Jina la ukoo, jina la pili na jina la ubatizo hubadilishana nafasi kutoka karatasi moja hadi nyingine. Karani wa Likasi au Kalemie ajuaye watu wake huona kwamba ni mwalimu yule yule. Mtambo huona watu wawili, na palipo na watu wawili huweza kudhani kwamba mmoja ni hewa. Kufuta majina ya watumishi hewa ni kazi njema. Lakini mwalimu aliyefutwa kwa sababu ya herufi moja hana mshahara, na watoto wake hawali maelezo ya programu. Shida huzidi katika nchi ambamo kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura imeshika nafasi ya kitambulisho.

Jambo la pili ni lugha ya uamuzi. Katiba ya mwaka 2006 imekifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na kuvitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Barua ya Leta, kama serikali inavyoitwa Lubumbashi, hufika kwa Kifaransa. Zamani mpokeaji aliweza kwenda ofisini na kuelezwa kwa Kiswahili na karani. Karani akiondoka, maelezo hayo huondoka naye.

Yaweza kusemwa kwamba programu mpya za lugha zitafanya kazi hiyo. Zaweza kusaidia, lakini kwa sharti. Kiswahili zilichojifunza ni hasa kile kilichochapishwa, yaani cha magazeti na vitabu vya Tanzania na Kenya. Mama wa Kenia au Katuba asemaye batoto bangu badala ya watoto wangu anasema lugha iliyo kamili kwa wenzake, ila haikuandikwa kwa wingi. Kukusanya, kuandika na kufafanua Kiswahili cha Kongo ni kazi ya vyuo vikuu. Bila kazi hiyo, raia atasikilizwa na mtambo usiomsikia.

5. Masharti ya kuzingatia

Kutokana na yaliyoelezwa, ofisi itakayo kutumia mtambo yapasa kuulizwa maswali manne. Kwanza, je, sheria inaruhusu jambo lenyewe, hata kama lingefanywa na mtu kwa kalamu? Hesabu ya Australia ingekuwa haramu pia mikononi mwa karani. Mtambo uliizidisha tu. Pili, ni nani anayepaswa kuthibitisha? Mzigo huo usihamishwe kimya kimya kutoka serikali kwenda kwa raia. Tatu, yupo mtu mwenye jina, mwenye uwezo wa kusimamisha uamuzi, na anayeweza kueleza sababu yake kwa lugha ya mlalamikaji? Nne, mtu mmoja akishinda, je, waliodhulumiwa kwa hesabu ile ile watapewa habari?

Hitimisho

Mtambo hufaa kwa kazi nyingi za ofisi: kutafuta faili, kujumlisha, kukumbusha tarehe, kuonyesha palipo na tofauti. Haraka yake ni baraka pale hesabu inapokuwa sahihi. Inapokuwa na kosa, haraka hiyo hiyo huliingiza katika nyumba nyingi kabla halijatambuliwa. Faida ya karani mwenye masikio haikuwa kwamba hakosei. Ilikuwa kwamba aliyekosewa aliweza kumwendea na kumwambia. Nafasi hiyo ya kwenda na kusema ndiyo inayopaswa kulindwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, katika kila ofisi itakayopokea mtambo.