NYUMBA YA KUPIMA IPO KWIHARA

Mtoto wa Tabora akisema ataka kuwa msanifu wa majengo, wazazi wengi huuliza: ada kiasi gani? Swali la haki. Lakini yafaa tuulize na la pili: atajifunza kwa vitu gani?

Mwanafunzi wa sheria aweza kusoma chini ya mwembe, mradi ana kitabu. Huyu hawezi. Ahitaji meza pana, nuru ya kutosha, karatasi kubwa, rula za vipimo, maboksi ya kukata na kuunda mfano mdogo wa nyumba, na siku hizi kompyuta yenye nguvu. Darasa lake ni studio, chumba ambamo michoro hukaa mezani usiku na mchana, na mwalimu huikosoa mbele ya wenzake. (Wengi hulia siku hiyo.) Hayo hupatikana mbali nasi. Afrika Mashariki somo hili lilianza Nairobi mwaka 1956. Kwetu hufundishwa hasa Dar es Salaam, katika Chuo cha Ardhi kilichopata cheo cha chuo kikuu mwaka 2007.

Basi, Tabora haina cha kumpa? Inacho. Nendeni Kwihara, kilometa chache tu kutoka mjini, mkaione tembe. Stanley alikaa hapo mwaka 1871, na Livingstone akangoja wapagazi hapo mwaka 1872, Februari hata Agosti. Wageni huishia kwenye habari hiyo. Mwanafunzi wa majengo ana mengi zaidi ya kutazama: kuta nene za udongo, ua wa ndani, mlango wa kuchongwa. Njia ile iliyopeleka pembe na watumwa pwani ndiyo iliyoleta mlango wa namna hiyo bara.

Aulize kwa nini ukuta ni mnene. Udongo hupokea joto la mchana polepole, hata jioni ndani kungali baridi. Nyumba ya bati haiwezi hayo bila dari. Na kwa nini paa la tembe ni bapa, miti iliyolazwa na kufunikwa udongo? Maana mvua zetu ni za miezi michache. Paa hilo lipelekeni Bukoba, mtaogea ndani!

Lakini hata hapa mvua ni adui wa udongo. Mwaka 2006 Serikali iliiandikisha njia ya misafara, Kwihara ikiwamo, katika orodha ya kupendekezwa kwa urithi wa dunia. Orodha haikandiki ukuta. Mafundi wanaojua kazi hiyo wanazeeka, na ukuta ukianguka kabla ya kupimwa, umekwenda na maarifa yake.

Kupima si gharama: futi kamba, daftari, penseli, na mwenzake wa kushika ncha ya pili. Apime kila ukuta, upana na unene, achore nyumba kama inavyoonekana kutoka juu, kisha kama iliyokatwa katikati.

Ikiwa kijijini kwenu imebaki tembe ya babu, nanyi mwakusudia kuibomoa mpate kuezeka bati, mwiteni mtoto kwanza aipime. Ni kazi ya siku moja. Fundi wa bati atangoja.