Kugawana Takwimu bila Kuvunja Amana: Mfano wa Mwalo wa Katonga

Alfajiri, mitumbwi iliyokesha ziwani inaporejea kwenye mwalo wa Katonga, karibu na mji wa Kigoma, kazi ya kwanza ni kushusha dagaa na migebuka. Kazi ya pili haionekani sana, nayo ni kuhesabu. Katika uchunguzi wa mavuno, mkusanyaji wa takwimu humwendea nahodha na kumwuliza maswali machache: mtumbwi ulikuwa na wavuvi wangapi, wametumia nyavu za aina gani, wamevua upande gani wa ziwa, wamepata kilo ngapi, na wameuza kwa bei gani. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 na zaidi, na mialo yake ni mingi. Haiwezekani kila beseni la samaki lipimwe kwa mzani mbele ya afisa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya elimu juu ya samaki wa ziwa hili inategemea jibu la nahodha, na jibu hilo hutegemea imani yake kwa yule anayemwuliza.

Mahitaji ya takwimu hizo si madogo. Ziwa linamilikiwa na nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo zilitia sahihi mjini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja, na baadaye ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Uamuzi wa namna hiyo unagusa chakula na kipato cha maelfu ya watu. Ili ujulikane kama umeleta faida, hapana budi mavuno ya kabla na ya baada yalinganishwe, tena kwa tarakimu za kweli.

Zamani tarakimu hizo ziliandikwa kwenye madaftari, zikajumlishwa kwa mkono, kisha zikatolewa katika taarifa za mwaka. Siku hizi zaweza kuingizwa kwenye simu pale pale mwaloni na kuonekana, baada ya muda mfupi, kwenye kioo cha kompyuta iliyo mbali. Chombo kinachozionyesha huitwa ubao wa takwimu, na wengi hukiita dashibodi. Ni ukurasa mmoja wenye michoro, ramani na jumla mbalimbali, ambao hubadilika wenyewe kila tarakimu mpya zinapoingia. Faida yake ni dhahiri: afisa uvuvi, mtafiti na mfanyabiashara waweza kutazama jambo moja kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ubao unaoonwa na wengi waweza pia kumdhuru yule aliyeutolea habari. Makala hii inaeleza jinsi madhara hayo yanavyotokea na jinsi yanavyoweza kuzuiwa.

Ubao na ghala lake

Jambo la kwanza la kufahamika ni kwamba ubao wa takwimu una sehemu mbili. Iko sehemu ya mbele, yaani michoro inayotazamwa, na iko sehemu ya nyuma, yaani ghala lenye kila mstari ulioandikwa mwaloni: tarehe, namba ya mtumbwi, mahali pa kuvulia, kilo na bei. Mchoro waweza kuonyesha jumla ya mwezi mzima tu, na mtazamaji akadhani kwamba hayo ndiyo yote yaliyomo. Lakini mbao nyingi zina kitufe cha kupakua data, na faili za majedwali huweza kubeba kurasa zilizofichwa pamoja na zile zinazoonekana.

Hatari hii imekwisha kudhihirika. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Polisi la Ireland ya Kaskazini liliulizwa swali kuhusu idadi ya watumishi wake kwa vyeo. Jedwali la hesabu lilitolewa, nalo likawekwa hadharani kwenye mtandao. Ndani ya faili hiyo hiyo ulikuwamo ukurasa uliofichwa wenye majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi zaidi ya 9,000. Katika nchi ambako askari wamewahi kuviziwa na kuuawa kwa sababu ya kazi yao, kosa hilo lilikuwa zito. Hakuna mwizi aliyevunja mlango wowote. Wenyewe waliufungua bila kujua.

Funzo lake kwa mwalo mdogo ni rahisi. Anayetaka kuwapa wenzake jumla, na awape jumla peke yake. Jumla zitengenezwe kwanza, ziwekwe katika faili mpya au ghala jingine, na ubao wa watazamaji wa nje uunganishwe na hizo. Kisichokuwamo hakiwezi kuvuja.

Kiungo si kufuli

Njia tatu hutumiwa zaidi katika kugawana ubao. Ya kwanza ni kuupiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Picha haina ghala nyuma yake, na hilo ni jema. Lakini haiwezi kurudishwa wala kusahihishwa, nayo huendelea kuzunguka baada ya tarakimu zake kupitwa na wakati. Njia ya pili ni kutuma kiungo, yaani anwani ya ukurasa, ambacho yeyote akibonyeza hufika. Ya tatu ni kumpa kila mtazamaji akaunti yake yenye jina na neno la siri.

Wengi hupenda njia ya pili kwa urahisi wake. Hudhani kwamba kiungo chenye herufi nyingi zisizokumbukika ni siri ya kutosha. Sivyo. Kiungo hunakiliwa, hutumwa kwa mtu wa tatu, hubaki katika kumbukumbu za kompyuta ya mgahawa wa intaneti, na pengine huokotwa na mitambo ya kutafutia habari. Anayekipata haulizwi jina lake, kwa hiyo hakuna ajuaye ni nani aliyetazama. Hali kadhalika, anwani inayoanza kwa herufi «https» huonyesha kwamba habari husimbwa njiani, yaani hugeuzwa kuwa alama zisizosomeka na wapita njia. Ni kinga ya lazima, ila haisemi lolote juu ya haki ya huyo anayezipokea mwishoni mwa safari. Bahasha iliyofungwa kwa lakiri ikipelekwa nyumba isiyo yake, itafunguliwa huko huko.

Kila mtu na dirisha lake

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala juu ya ulinzi wa habari katika kompyuta. Mojawapo ya kanuni walizozieleza ni kwamba kila mtumiaji apewe uwezo ule tu unaohitajika kwa kazi yake, na usizidi hapo. Kompyuta za wakati huo zimekwisha kuachwa, lakini kanuni hiyo ingali msingi wa kazi hii.

Kwa Katonga, mathalan, watazamaji wa ubao wanaweza kugawanywa hivi. Viongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wengi hukiita BMU, huhitaji habari za mwalo wao wenyewe. Afisa uvuvi wa eneo huhitaji mialo yote iliyo chini yake. Mtafiti huhitaji mistari ya kila mtumbwi ili afanye hesabu zake, lakini hahitaji jina la mwenye mtumbwi; alama isiyo na maana nje ya utafiti yamtosha kutofautisha mtumbwi huu na ule. Nchi jirani huhitaji jumla za mwezi kwa aina ya samaki na aina ya nyavu. Mfanyabiashara atakaye kununua dagaa huhitaji kujua kiasi kilichopo sokoni na wastani wa bei.

Mipaka hiyo ina sababu. Akina mama wanaonunua dagaa mwaloni na kuwaanika huishi kwa tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Mnunuzi wa mbali akiweza kuona kwenye ubao kwamba mama fulani alinunua beseni kwa kiasi fulani, na kwamba ana magunia kadha yanayongoja mvua, amekwisha kushinda mapatano kabla hayajaanza. Programu nyingi za mbao za takwimu huweza kuwekewa masharti ili ukurasa ule ule umwonyeshe kila aliyeingia mistari inayomhusu peke yake. Masharti hayo huwekwa penye ghala. Yakiwekwa kwenye mchoro tu, mjuzi ataupita mchoro.

Hatari ya hesabu ndogo

Kuondoa majina hakutoshi. Ichukuliwe kwamba siku moja mitumbwi sita imetua mwaloni, na ubao unaonyesha jumla ya kilo 720. Mtazamaji anachagua nyavu za aina moja tu. Ubao unamwambia kwamba mitumbwi mitano yenye nyavu hizo imepata kilo 540. Hakuna jina lililotajwa. Lakini 720 ukiondoa 540 zinabaki 180, na kila mtu mwaloni anajua ni nani peke yake mwenye nyavu za aina ile nyingine. Siri yake imetoka kwa hesabu ya kutoa.

Ndiyo maana idara za takwimu huweka kiwango cha chini. Nchini Marekani, kwa mfano, ni desturi kutotangaza takwimu za uvuvi zinazotokana na wahusika wasiofika watatu. Penye wachache, ubao uache nafasi wazi, au uunganishe siku kuwa juma na juma kuwa mwezi. Tena uzuie michanganyo ya vichujio ambayo, kama katika mfano huo, humtenga mtu mmoja kwa njia ya mzunguko.

Ramani zinahitaji uangalifu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Strava, ambayo huhifadhi safari za wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilitoa ramani ya dunia iliyounganisha mienendo yao, bila jina la mtu hata mmoja. Mwezi Januari 2018 iligunduliwa kwamba katika nchi kama Afghanistan na Syria njia za mazoezi za askari wa kigeni zilichora bayana kambi zao. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi wamewahi kuvamiwa na majambazi wenye silaha na kuporwa injini na nyavu. Ramani inayoonyesha ni wapi mitumbwi hukusanyika usiku, ikitolewa bila kuchelewa na bila kupanuliwa kuwa maeneo makubwa, yaweza kuwa mwongozo wa majambazi. Hata bila majambazi, nahodha aliyegundua mahali penye samaki wengi hatataka mialo yote ijue kesho yake.

Funguo za aliyeondoka

Ofisini hatari huingia kwa njia ya mazoea. Akaunti moja hutumiwa na watu watano, na neno la siri hubandikwa ukutani. Mmoja akihamishwa, huondoka nalo kichwani. Jambo likiharibika haijulikani ni nani aliyefanya, maana kwa kompyuta wote watano ni mtu mmoja. Hapana budi kila mtu awe na akaunti yake, na akaunti ifungwe siku ile ile mwenyewe anapoacha kazi. Mgeni, kama vile mshauri au mteja, apewe ruhusa yenye tarehe ya mwisho, ili ife yenyewe hata akisahauliwa.

Neno la siri liongezewe ushahidi wa pili, kama vile tarakimu zinazotokea kwenye simu ya mwenye akaunti. Mwizi aliyeliiba neno atakwama kwa kukosa simu. Lakini namba ya simu ikibadilishwa, ofisi iarifiwe, kwa sababu namba iliyoachwa yaweza kugawiwa mtu mwingine. Mwisho, mtambo uwe na daftari linaloandika wenyewe ni nani aliingia, saa ngapi, na alipakua nini. Na daftari hilo lisomwe, kwani lisiposomwa halimlindi mtu.

Sheria na imani

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, zilindwe, na zisipelekwe nje ya nchi ila kwa masharti. Kwa ziwa la nchi nne, sharti hili la mwisho si la pembeni. Jumla za mavuno zaweza kuvuka mpaka bila taabu. Majina na namba za simu za wavuvi ni jambo jingine.

Hata hivyo sheria huja baada ya kosa, na hasara ya mwaloni huja kabla yake. Nahodha akisikia kwamba kilo alizozitaja jana zimejulikana kwa mtoza ushuru, kwa mshindani wake au kwa mnunuzi, hatagombana na mtu. Kesho atataja nusu. Jirani yake atafanya vivyo hivyo. Ubao utaendelea kung'aa, michoro itashuka, na mtafiti atahitimisha kwamba samaki wanapungua, hali kilichopungua ni ukweli. Uamuzi wa kufunga au kufungua ziwa utajengwa juu ya hesabu hizo.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma kiungo, anayesimamia takwimu na ajiulize maswali matatu: huyu anahitaji nini kwa kazi yake; anaweza kugundua nini zaidi ya hicho kwa kujumlisha na kutoa; na ruhusa yake itakwisha lini. Majibu yake yaelezwe pia kwa wavuvi, kwa lugha yao, pale wanaposhushia samaki. Nahodha anayejua ni nani atakayeona tarakimu zake, na kwa sababu gani, ana sababu ya kuzitaja kama zilivyo.