Fahamu: Chembe za dhahabu zinavyozidisha mng'ao wa rangi kwenye DNA

Molekuli moja ya rangi ing'aayo hutoa mwanga hafifu mno. Mwaka 2012, watafiti wa Braunschweig, Ujerumani, walikunja DNA ikawa mnara wa nanomita 220, wakaupachika chembe mbili za dhahabu zenye upana wa nanomita 100. Rangi ikakaa kwenye upenyo wa nanomita 23 katikati.

Leza ikimulika, elektroni za dhahabu hutikisika kwa pamoja na kurundika nishati ya mwanga upenyoni. Mng'ao uliongezeka hadi mara 117. Rangi ikigusa dhahabu, mwanga hufifia. DNA ndiyo inayoshikilia umbali unaofaa.

Mwaka 2021, watafiti wa München walitumia mbinu kama hiyo, kwa chembe za madini ya fedha, kutambua DNA ya bakteria sugu kwa dawa wakitumia hadubini ndogo yenye kamera ya simu.